Kwa nini stenlesi imeoza ndani ya tanuri la makaa ya mawe

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Nyakato hapa Mwanza. Mwaka juzi nilitengeneza tanuri linalogeuza mkaa na pumba za mpunga kuwa gesi, na mama mmoja wa Kirumba analitumia kupasha hewa ya kukaushia dagaa wakati wa mvua. Silinda ya ndani na chanja ya kubebea mkaa nilitumia stenlesi ya 304 yenye unene wa milimita 3, na mambo yalikwenda vizuri. Mwaka huu tumehamia kwenye vitofali vya makaa ya mawe kwa sababu mkaa umepanda bei. Haikupita miezi mitano, silinda ikatoa magamba meusi, ikatoboka karibu na chanja na kandokando ya mishono, na bomba la gesi sasa linadondosha maji meusi yanayokula chuma. Nimeshauriwa mambo matatu: ninunue 316 iliyo nene zaidi, nipake rangi ya kuhimili moto, au vipande vichovywe kwenye zinki. Yupo pia anayesema stenlesi niliyouziwa ni feki, ingawa sumaku haiishiki. Nifuate lipi?"

Jibu: Marahaba, fundi. Nianze na lile lisiloweza kungoja. Tanuri lililotoboka lisiwashwe tena chini ya paa, hata kwa majaribio ya dakika kumi. Kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo nguvu kubwa ya gesi unayoitengeneza, haina rangi wala harufu, na mtu huanguka kabla hajajua kinachomwangusha. Harufu ya yai viza, kama mnainusa karibu na tundu, ni haidrojeni salfaidi, na hiyo ina hila yake: ikizidi kiwango fulani inaua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla msidhani hatari imeondoka.

Sasa swali lako. Kati ya mambo matatu uliyoshauriwa, nisingekushauri hata moja, na nitaeleza sababu ya kila moja. Sioni dalili kwamba aliyekuuzia stenlesi alikudanganya. Kutoshikwa na sumaku ndivyo 304 halisi inavyokuwa, kwa sababu ina takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli, na hiyo nikeli ndiyo inayoiondolea usumaku. Jambo litakalokushangaza ni kwamba laiti ungeuziwa stenlesi isiyo na nikeli, ile inayonaswa na sumaku na ambayo wengi sokoni huiita feki, huenda silinda yako ingekuwa bado imesimama.

Ili tuelewane, lazima turudi kwenye kinachoifanya stenlesi isishike kutu. Haina kutu si kwa sababu chuma chake ni kigumu au safi zaidi, bali kwa sababu kromi iliyomo hujitokeza juu na kushikana na oksijeni, ikafanya utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Utando huo ndio mlinzi. Ukikwaruzwa hujifunga wenyewe, mradi oksijeni ipo ya kutosha. Meza za kupasulia sangara katika viwanda vya minofu kando ya ziwa hung'aa miaka na miaka kwa sababu hiyo: maji, hewa na kromi vinashirikiana kila siku kuutengeneza utando upya.

Ndani ya tanuri lako hali ni kinyume. Kugeuza makaa kuwa gesi maana yake ni kuyanyima hewa kwa makusudi, ili kaboni isiungue yote bali ishikane na mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, itoe haidrojeni na kaboni monoksaidi. Oksijeni huru inayobaki katika gesi hiyo ni kidogo sana kiasi kwamba haistahili hata kuhesabiwa. Na salfa iliyokuwemo kwenye makaa hubadilika tabia. Katika moto wenye hewa nyingi ingekuwa salfa dayoksaidi, ule moshi unaokwangua koo. Katika tanuri lililonyimwa hewa inakuwa haidrojeni salfaidi, ambayo kwa chuma cha moto ni adui wa namna nyingine kabisa.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya miaka yako miwili ya raha na miezi hii mitano. Mkaa wa miti kwa kawaida hauna hata sehemu moja ya kumi ya asilimia ya salfa. Makaa ya mawe, kutegemea yalikochimbwa, huanzia karibu nusu asilimia na yanaweza kupita asilimia tatu. Umbo la tanuri halikubadilika, joto halikubadilika sana, na fundi ni yuleyule, lakini salfa inayopita mbele ya chuma chako imeongezeka mara kumi au zaidi. Pumba za mpunga nazo zina lawama yake ndogo, maana zina potasiamu na klorini ambazo hutengeneza chumvi zinazolainisha utando wa kromi. Inawezekana ulipoanza kutumia makaa ya mawe, chuma kilikuwa tayari kimedhoofika kidogo.

Salfa ikikutana na chuma cha moto kisicholindwa, hutokea ganda la salfaidi ya chuma, na ndiyo hayo magamba meusi unayoyaona. Tatizo lake si weusi bali umbo lake la ndani. Utando wa oksaidi ya kromi umebana, chembe za chuma hupenya ndani yake kwa shida sana, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyojichelewesha kukua. Ganda la salfaidi lina mianya mingi katika mpangilio wa chembe zake, hivyo chuma hupita kwenda juu kuikuta salfa kana kwamba mlango uko wazi, na kasi yake inaweza kuwa mamia hata maelfu ya mara zaidi ya ile ya oksaidi ya kromi katika joto lilelile. Tena huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hujikunja, hupasuka na kudondoka, kisha chuma kipya hubaki uchi. Ndiyo maana unene peke yake haukuokoi: bati la milimita 6 litakupa muda mara mbili ya la milimita 3, si zaidi, na utakuwa umelipa bei mara mbili kuahirisha msiba uleule.

Nikeli inaleta shida ya pili, na hii ndiyo iliyokutoboa. Wewe umeshika lehemu mkononi, kwa hiyo mfano huu ni wako. Bati jeupe, yaani stani, huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, lakini ukizichanganya kwa kipimo cha lehemu zinayeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili. Nikeli na salfaidi yake vina undugu wa aina hiyo. Nikeli peke yake inahitaji nyuzi 1455 ili iyeyuke, lakini ikichanganyika na salfaidi yake hupatikana mchanganyiko unaoyeyuka karibu na nyuzi 640. Kwa chuma na salfaidi yake, joto hilo ni nyuzi 988. Ukuta wako karibu na chanja bila shaka ulipita nyuzi 700. Utando wa kromi ulipopasuka mahali, salfa iliifikia nikeli, kikatokea kimiminika kinachopenya kwenye mipaka kati ya punje ndogondogo zinazounda chuma, na kutoka hapo kazi huenda haraka sana. Ukikata kipande kando ya tundu na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona vijitone vilivyoganda vyenye rangi ya njano-kijivu.

Mishono imetangulia kuoza kwa sababu nyingine tena. Chuma cha 304 kikikaa kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni iliyomo huichukua kromi kwenye mipaka ya punje hizo na kutengeneza kabaidi, hivyo pembeni mwa mipaka hiyo kromi hupungua na ulinzi huondoka hapohapo. Ukichomelea, ukanda fulani kandokando ya mshono hupita katika joto hilo. Stenlesi yenye herufi L, kama 304L, hupunguza tatizo kwa kuwa na kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na ile ya 321 imetiwa titani ili kaboni ishikwe na titani badala ya kromi. Lakini katika tanuri linaloshinda kwenye joto hilo kila siku, hata herufi L hufika mahali ikashindwa.

Kuhusu 316, sema hapana bila kusita. Hiyo iliongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili ihimili vishimo vinavyotokana na chumvi katika maji, na inaifanya kazi hiyo vizuri baharini, hospitalini na katika mitambo ya vyakula. Kromi yake haizidi ya 304, na nikeli yake ni nyingi zaidi. Kwenye gesi ya salfa ya nyuzi 700 utalipa fedha zaidi kununua kile kinachoyeyuka. Na kwa kuwa wapo mafundi waliotoka Dar es Salaam wanaosema kila kutu ya Mwanza ni ya hewa ya ziwa, niseme kwamba maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani hayana chumvi ya kutajwa, na upepo wake haufanyi yale ya upepo wa Bahari ya Hindi. Ziwa lina kosa lake katika habari hii, nitalifikia, lakini si chumvi.

Zinki nayo isitajwe tena. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo kabla tanuri halijafikia joto la kazi, kinga yote itakuwa imekwisha kutiririka. Ubaya wake hauishii hapo: zinki iliyoyeyuka hupenya ndani ya stenlesi yenye nikeli na kuipasua, na moshi wake mweupe humletea fundi homa na baridi ya usiku, jambo ambalo wanaochomelea mabomba ya zinki bila kuyakwangua wanalifahamu. Rangi ya kuhimili moto, ile ya fedha yenye unga wa alumini na silikoni, ni nzuri kwa nje ya ganda hadi karibu nyuzi 600. Ndani ya tanuri haifai. Ni ngozi yenye vinyweleo, haijaungana na chuma, na gesi itapita chini yake.

Hata hivyo aliyekushauri alumini kwa njia ya rangi alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Alumini kweli ni kinga bora dhidi ya salfa, kwa sababu oksaidi yake imebana kuliko hata ya kromi na hutokea katika gesi yenye oksijeni kidogo mno. Sharti lake ni kwamba iingie ndani ya chuma, isikae juu yake. Viwandani hufanya hivi: kipande huzikwa ndani ya sanduku lililojaa unga wa alumini, unga wa alumina (yaani oksaidi ya alumini) na kiasi kidogo cha amonia kloraidi, sanduku hufungwa na kupashwa moto wa kati ya nyuzi 850 na 1050 kwa saa kadhaa, mpaka alumini isafiri kama mvuke na kuzama ndani ya uso wa chuma. Njia hii imetumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi wanaosubu sufuria kwa alumini chakavu wanaijua tabia hii kwa upande wake wa hasara: chungu cha chuma wanachoyeyushia huliwa taratibu na alumini, na uso wake huwa mgumu na mwepesi kumeguka. Kinachowaharibia chungu wao ndicho wenye viwanda wanachokitafuta, kwa kipimo.

Je, ujaribu mwenyewe? Sanduku lile linatoa mvuke wa asidi, na ukikosea joto utapata ngozi inayobanduka kama ganda la yai, kwa hiyo sikushauri uanzie hapo. Tena kinga yoyote ya juu ina udhaifu wa kutanuka kusikolingana. Bati la 304 la urefu wa mita moja likipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 825 hurefuka karibu milimita 14. Stenlesi isiyo na nikeli hurefuka chini ya milimita 10. Alumina hurefuka kama milimita 6 tu. Tanuri la kiwanda kikubwa likiwashwa hukaa wiki na miezi bila kuzimwa. La kwako linawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, hivyo kila siku ngozi na nyama vinavutana, na kila siku ufa mpya unafunguka.

Tuje kwenye stenlesi inayoshikwa na sumaku. Marekani walijaribu aina nyingi za metali kwa ajili ya matanuri haya katika miaka ya 1970 na 1980, baada ya mafuta kupanda bei, na hitimisho lililojirudia ni kwamba kromi inayokaribia asilimia 25 ndiyo huanza kuleta tumaini katika gesi ya moto yenye salfa. Aina ya 446 ina kromi ya kiwango hicho na haina nikeli ya kutajwa. Aina ya 310 ina kromi 25 na nikeli 20, na hudumu tu pale ambapo salfa si nyingi na utando umepata nafasi ya kujijenga mapema. Aina ya 430, ambayo ndiyo rahisi kupatikana madukani kwa kuwa hutumika kwenye vifaa vya jikoni, ina kromi 16 hadi 18. Ni afadhali, si suluhisho. Na usidhani ukoo huu hauna maringo yake. Ukiuweka muda mrefu karibu na nyuzi 475 unakuwa mkavu kama kigae, na mshono wake huvunjika usipopasha bati kwanza na kuchomelea kwa moto mdogo. Wengi huuchomelea kwa vijiti vya 309 au 310 ili mshono uwe laini, lakini upande unaoguswa na gesi ya salfa hapo umeirudisha nikeli kwa mlango wa nyuma.

Nimeeleza metali kwa kirefu kwa sababu ndiyo uliyoiuliza, lakini katika miaka yangu ya kukagua matanuri nimejifunza kwamba swali la kwanza lisiwe "metali gani?" bali "kwa nini metali iko hapo?" Wakubwa wa kazi hii hawawekei moto ukuta wa chuma. Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini, inayogeuza makaa ya mawe kuwa gesi tangu miaka ya 1950, ilitumia matanuri ya kampuni ya Kijerumani ya Lurgi ambayo ukuta wake una koti la maji. Kwa kuwa maji yale yanachemka chini ya mgandamizo wa karibu angahewa 30, chuma hubaki karibu na nyuzi 235 hata kama ndani makaa yanawaka zaidi ya nyuzi 1000. Wengine hujenga ukuta wa matofali ya kuhimili moto. Kwa vyovyote vile, ganda ni chuma cha kawaida cha bei nafuu, na kinachokilinda ni ubaridi wake.

Kuna kipimo ninachotaka ukikariri. Chuma cha kawaida kikiwa chini ya nyuzi 260, haidrojeni salfaidi haina kasi ya kukisumbua. Kikishuka sana, chini ya nyuzi 100, mvuke wa gesi hugeuka maji mgongoni mwa matofali na kuanza uozo wa baridi. Lenga basi ganda lako lishinde kati ya nyuzi 120 na 250. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaovalisha tanuri matofali manene kupita kiasi kisha kujisifu kwamba nje unaweza kuegemeza mgongo. Kwa usalama wa watumiaji, weka wavu wa nje wenye nafasi ya hewa, usilipoze ganda lenyewe.

Matofali gani? Si yale mekundu tunayochoma kwa ajili ya nyumba. Wekundu wake ni chuma, na katika gesi yenye kaboni monoksaidi, kati ya nyuzi 400 na 700, chembe hizo za chuma huchochea masizi yazaliwe ndani ya tofali lenyewe, yakue na kulipasua. Utalikuta limegeuka unga mweusi, ulaumu moto. Wala usishawishike kutumia mawe ya Mwanza kwa kuwa yako kila mahali na yanaonekana ya milele. Mawe hayo ni matale, yaani graniti, yenye kwazi nyingi (madini magumu yanayofanana na kioo), na kwazi hutanuka ghafla kwenye nyuzi 573, hivyo jiwe litalipuka vipande. Unahitaji matofali meupe au ya manjano hafifu yaliyotokana na udongo wa kaolini, yenye alumina ya asilimia 40 au zaidi na chuma kidogo, yajengwe kwa udongo wa aina hiyohiyo na kukaushwa polepole kwa siku kadhaa. Mahali pasipokwepeka metali, yaani kwenye chanja, tumia vyuma vya kusubu vyenye kromi nyingi, vinene, vipande vifupi vilivyolegea katika nafasi zake ili uweze kubadilisha kimoja bila kuchomelea chochote.

Bomba lako lina ugonjwa tofauti, na hapa ndipo ziwa linapoingia. Mchana, gesi ikipita, hubeba mvuke wa maji, amonia, kloraidi ya haidrojeni na lami. Bomba likiwa refu na bila kuvalishwa, gesi hupoa humo, na maji hujikusanya sehemu za chini yakiwa yamebeba asidi na chumvi za amonia. Hayo ndiyo maji meusi. Usiku tanuri linapozimwa linapoa, linavuta hewa ya nje, na hewa ya Kirumba alfajiri ina unyevu wa kutosha kulowesha kila ukuta wa ndani. Unyevu na oksijeni vikilikuta ganda la salfaidi, hutokea asidi za salfa, na asidi hizo huingia moja kwa moja katika ile mipaka iliyopoteza kromi. Kwa hiyo sehemu ya madhara yako haikutokea tanuri likiwaka, ilitokea likiwa limelala. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja kilichosimama kwa ajili ya matengenezo wakati wa masika. Mabomba ya stenlesi yalikuwa mazima siku ya kuzima, na wiki tatu baadaye yalikuwa na nyufa kama kioo kilichopigwa jiwe, ingawa hapakuwa na moto hata wa kiberiti.

Dawa ya hali hiyo ni rahisi kuliko ya moto. Lazeni bomba kwa mteremko unaoishia kwenye chombo cha kukusanyia maji, livalisheni sufi ya mwamba, yaani nyuzi za mawe za kuzuia joto lisipotee, ili gesi ibaki juu ya nyuzi 120 hadi ifike kwenye kichomeo, na mkizima, baada ya kusukuma gesi yote nje, fungeni milango ya hewa kwa vifuniko vyenye kubana. Kama kuna sehemu ya stenlesi itakayofunguliwa na kukaa wazi, ioshwe kwa maji yaliyotiwa soda ya kufulia kiasi cha gramu 20 kwa lita, ambayo huua asidi. Najua kishawishi cha kutumia magadi ya sokoni, kwa kuwa ni ndugu wa soda hiyo. Kwa chuma cha kawaida hayana neno, ila magadi ghafi huja na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi hiyo huipasua stenlesi yenye nikeli. Tahadhari nyingine: unga mweusi wa salfaidi ukiwa mkavu unaweza kuwaka wenyewe ukikutana na hewa. Uloweshe kabla ya kuukwangua, na usiuache kwenye ndoo karibu na makuti au magunia.

Stenlesi yako iliyosalia usiitupe. Baada ya kichomeo, pale gesi inapoungua kwa hewa nyingi na kupasha mabomba ya kukaushia, mazingira yana oksijeni, na hapo utando wa kromi uko nyumbani kwake. Bati la 304 lililo zima, chini ya nyuzi 600, litafanya kazi nzuri upande huo, mradi moshi utoke ukiwa bado juu ya nyuzi 150 ili asidi ya salfa isitulie kwenye bomba la mwisho. Na mabomba hayo yawe mazima kabisa: moshi wa makaa ya mawe usiguse dagaa kwa namna yoyote, maana hubeba vitu visivyopaswa kuliwa. Tundu dogo pale halionekani kwa macho, kwa hiyo mjaribu kwa maji ya sabuni na hewa ya pampu kabla ya kila msimu wa vuli na wa masika.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningejenga upya ganda la chuma cha kawaida cha milimita 5, likavaa ndani matofali ya kaolini, na chanja ya kusubu, na nisingenunua hata karatasi moja ya stenlesi mpya. Kabla hujajenga, toboa vishimo vitatu vidogo kwenye ganda upande wa nje, visivyopenya, vya kukaa waya wa kipimajoto: kimoja usawa wa chanja, kimoja katikati, kimoja karibu na mlango wa gesi. Andika joto kila baada ya nusu saa katika wiki ya kwanza. Kishimo cha chanja kikipita nyuzi 260, ongeza safu ya matofali upande huo. Kikibaki chini ya nyuzi 120 hata saa nne baada ya kuwasha, ongeza sufi ya mwamba upande wa nje wa ganda. Baada ya miezi mitatu pima unene wa ganda kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwenye sehemu hizo tatu, na uandike tarehe kwa chaki ya mafuta juu ya chuma chenyewe.